Mambo ya Nyumbani: Kwa Nini Dawa Haikufanya Kazi?

Mwezi huu twataka kujibu swali moja tuliloulizwa kando ya kaburi, nasi siku ile hatukuweza kulijibu. Tumekaa nalo muda mrefu. Tumewauliza madaktari na wauguzi, tumesoma yaliyoandikwa, na sasa twaona si haki kukaa na jibu hilo peke yetu, maana lazihusu nyumba zetu zote kutoka Iringa hata Mbeya. Na nyumba ya kwanza inayohusika ni yetu sisi wenyewe, kama mtakavyoona.

Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati baridi ya nyanda hizi inapouma, na ukungu hauondoki mabondeni mpaka saa nne. Kijana mmoja wa kanisa letu na mkewe walikuwa wamepata mtoto wao wa kwanza, binti. Mama alijifungua salama katika zahanati, akarudi nyumbani siku ya pili kwa furaha nyingi. Siku ya nne mtoto akaacha kunyonya vizuri. Alishika titi kidogo, akaliacha, akalala. Hakulia. Miguu yake ilikuwa baridi ingawa alikuwa amefungwa blanketi. Bibi yake akasema, "Huyu ni mpole, amechukua tabia ya babu yake." Na kwa kuwa mwili wake haukuwa na joto la homa, hapana mtu aliyeogopa.

Jioni ya siku ya tano baba yake alipiga hodi kwetu. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Mtoto hanyonyi. Mama yangu amenituma niulize kama mnayo dawa yo yote." Ndiyo, tulikuwa nayo. Katika kopo la majani ya chai, juu ya kabati, tulikuwa tumeweka vidonge vya rangi mbili, yaani amoksilini, vilivyobaki tulipougua kifua mwezi wa Mei. Tuliambiwa tuvimalize vyote, lakini siku ya tatu tulipopata nafuu tuliviweka akiba, tukaona ni busara, kama mtu awekaye mbegu kwa mwaka ujao. Basi tukampa kijana yule vidonge vinne. Tukamwambia afungue kidonge, achanganye unga wake kidogo na maziwa ya mama, amnyweshe mtoto asubuhi na jioni. Tukamwombea, akaenda zake. Usiku ule tulilala vizuri, tukidhani tumetenda jema.

Siku ya saba alfajiri walimchukua mtoto kwenda hospitali, kwa pikipiki mpaka barabara kuu, kisha kwa basi. Alipofika alikuwa akipumua kwa shida. Wauguzi walimpasha joto, wakampa hewa, wakampiga sindano. Usiku akafa. Tulimzika siku iliyofuata. Watu walipokuwa wakiondoka, baba yake alitugeukia akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, tulimpa dawa. Kwa nini dawa haikufanya kazi?" Tulimjibu kwa maneno ya faraja, kama ilivyo kazi yetu. Maneno yale yalikuwa ya kweli, walakini hayakuwa jibu la swali lake. Hili ndilo jibu.

Kwanza yafaa tujue ugonjwa wenyewe. Madaktari huuita sepsisi, nasi twaweza kuuita uambukizo wa damu. Viko viumbe vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, viitwavyo bakteria. Wengi wao hawatudhuru. Wamo matumboni mwetu na juu ya ngozi zetu siku zote. Lakini wengine wakipata njia ya kuingia katika damu, huzaana upesi na kuutia mwili mzima ugonjwa. Mtu mzima ana ulinzi mwilini wa kupigana nao. Mtoto mchanga ulinzi wake haujakomaa, na ngozi yake ni nyembamba. Kwake safari ya kutoka kutonyonya mpaka kufa yaweza kuwa ya siku moja au mbili tu, na pengine ya saa chache. Na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito mdogo, yu katika hatari kubwa zaidi.

Bakteria hao hutoka wapi? Katika siku tatu za kwanza mara nyingi hutoka kwa mama, wakati wa kuzaa, hasa kama chupa ya uzazi imepasuka mapema na mtoto akakawia kuzaliwa, au kama mama ana homa. Baada ya siku hizo mara nyingi hutoka katika mikono ya watu, katika nguo na maji, katika kitovu kilichopakwa vitu, na hata katika vyombo na vitanda vya hospitali vinavyotumiwa na watoto wengi. Majina yao ni magumu, lakini walimu wayaandike: klebsiela na esherishia koli, ambao makao yao ni matumboni, stafilokoka, akaaye juu ya ngozi na puani, na streptokoka wa kundi B, ambaye mtoto humpata kwa mama.

Msidhani jambo hili ni dogo au la wachache. Uchunguzi mkuu wa afya uliofanywa katika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 24 hufa kabla ya kutimiza siku 28. Maambukizo ni moja ya sababu tatu kubwa za vifo hivyo. Nyingine ni kuzaliwa kabla ya wakati na kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa. Uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba akina mama 81 katika kila 100 sasa huzalia katika zahanati, vituo vya afya na hospitali. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini mama hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili, na tangu hapo wauguzi wa mtoto ni sisi: mama, baba, bibi, shangazi na majirani. Tusipojua dalili, hapana mwingine wa kuziona.

Na dalili zake hudanganya. Sisi wa nyanda za juu tumezoea kusema kwamba mgonjwa ni yule mwenye mwili wa moto. Mtoto mchanga mwenye uambukizo wa damu huweza kuwa na homa, lakini huweza pia kuwa baridi, nasi tukasema, "Ni hali ya hewa ya huku kwetu." Huwa mnyonge, nasi tukasema ni mpole. Hulala sana, nasi tukasema anakua. Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri jana na leo hawezi ni mgonjwa, hata kama hapana dalili nyingine.

Basi tulipompa kijana yule vidonge tulikosa mara tatu. Kosa la kwanza: tulipoteza siku mbili. Kama tungemwambia, "Ndugu yangu, mchukue mtoto usiku huu huu," pengine angefika akiwa na nguvu za kupona. Kosa la pili: mtoto mwenye ugonjwa huu hahitaji unga wa kidonge bali sindano. Hawezi kunyonya wala kumeza vema, na dawa ya kunywa haifiki katika damu yake kwa wingi na upesi unaotakiwa. Hospitalini kwa desturi huanza kwa sindano za dawa mbili pamoja, ampisilini au penisilini, na jentamisini, kwa kipimo cha uzito wa mtoto, siku saba au zaidi. Kosa la tatu: si kila bakteria hufa kwa kila dawa. Klebsiela tuliyemtaja, ambaye hospitalini kwetu huonekana sana katika damu ya watoto, kwa asili yake hauawi na amoksilini. Hata kama vidonge vyetu vingekuwa vipya na kipimo chake kamili, mbele ya huyo vingekuwa kama maji.

Lakini mtauliza, kama alivyouliza baba yule baadaye: "Hata hospitalini alipigwa sindano. Mbona na sindano haikufaa?" Hapa twafika penye kiini cha mambo, ambacho sisi wenyewe tulikuwa hatukijui.

Ndugu zetu walimao nyanya huko Ilula watatusaidia kueleza. Wanamjua yule mdudu waliyempa jina la Kantangaze. Mkulima akinyunyizia dawa kidogo kidogo ili asitumie fedha nyingi, wadudu dhaifu hufa, na wagumu hubaki. Wale wagumu huzaa wagumu wenzao. Msimu wa pili dawa ile ile, hata ikinyunyiziwa kwa kipimo kamili, wadudu hawaisikii. Na wadudu hao hawakai katika shamba la mwenye kosa tu. Huruka kwenda kwa jirani aliyefanya kila kitu sawasawa.

Ndivyo ilivyo kwa bakteria. Kila mara tumezapo dawa za kuwaua, walio dhaifu hufa tumboni mwetu na wagumu hupata nafasi. Tukizitumia bila sababu, au kwa kipimo pungufu, twawalea wagumu bila faida yo yote. Tena bakteria wana jambo ambalo Kantangaze hana: hupokezana silaha. Mmoja akiwa na siri ya kuishinda dawa, aweza kumpa mwenziwe wa jamii nyingine waliokutana nao tumboni. Baadhi yao hutengeneza kitu kinachoivunja dawa kabla haijawadhuru, na kitu hicho huvunja si penisilini tu bali hata seftriaksoni, ambayo wengi wetu twaijua kuwa ni sindano kali. Hali hii huitwa usugu wa dawa.

Mtu mwenye bakteria sugu tumboni haugui. Hula, hulima, huimba kanisani. Lakini akitoka chooni bila kunawa, akamshika mtoto mchanga, aweza kumpa wale walio mikononi mwake. Mama aweza kumpa mtoto wake wakati wa kuzaa. Mgonjwa mmoja aweza kuwaacha katika kitanda cha hospitali. Ndipo mtoto wa siku nne, ambaye hajameza kidonge hata kimoja maishani mwake, hupatwa na bakteria aliyekwisha kufundishwa na vidonge vyetu sisi watu wazima.

Hatusemi kwamba vidonge vyetu vinne ndivyo vilivyowafanya sugu bakteria wa binti yule. Damu yake haikupimwa, na siku mbili tu zilikuwa zimepita. Twasema kwamba kopo letu la majani ya chai, na makopo kama hilo katika kila nyumba, ndiyo shule yao.

Pengine mtu atasema kwamba haya ni hofu za wasomi. Basi tusikie yaliyopimwa hapa kwetu. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kuanzia Agosti 2001 hata Agosti 2002, madaktari walichunguza damu za watoto waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizo, tangu wachanga hata wa miaka saba. Katika watoto hao 1,828, walionekana 255 wenye bakteria au vimelea vya namna hiyo katika damu. Wale waliokuwa na bakteria wa jamii ya klebsiela na esherishia koli walikufa 43 katika kila 100, hali waliolazwa kwa malaria walikufa 20 katika kila 100. Sisi sote twaiogopa malaria. Wangapi wetu huiogopa sepsisi? Na madaktari wale walionyesha kwamba mtoto ambaye dawa aliyopewa haikuweza kumshinda bakteria wake alikuwa karibu zaidi na kufa.

Huko Mwanza, katika hospitali ya Bugando, walichunguzwa watoto wachanga 300 waliodhaniwa kuwa na sepsisi, na habari zake zikachapishwa mwaka 2010. Karibu nusu yao walionekana wana bakteria katika damu, na klebsiela alikuwa katika wale walioonekana zaidi. Watoto waliopatwa na bakteria sugu walikufa zaidi kuliko wenzao. Na kwa jirani zetu wa Kenya, katika hospitali ya Kilifi, kati ya mwaka 1998 na 2002, watoto wenye bakteria katika damu waliotoka nayo nyumbani walikuwa zaidi ya robo ya watoto wote waliofia hospitalini hapo. Fikirini: waliotoka nayo nyumbani.

Wala si kwamba hatukuonywa. Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming huko London mwaka 1928. Mwaka 1945, alipopewa tuzo la Nobel, yeye mwenyewe alionya kwamba siku yaweza kuja ambapo mtu yeyote ataweza kuinunua dukani, na kwa kutumia kipimo pungufu atawafanya bakteria wasiisikie tena. Siku hiyo imekwisha kufika. Iko katika maduka yetu ya njia panda. Mwaka 2019, kwa hesabu ya wataalamu, watu 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria sugu. Serikali yetu ilitoa mpango wa taifa wa kupambana na usugu huu wa miaka 2017 hadi 2022, kisha mwingine wa 2023 hadi 2028, nao wahusu wanadamu na mifugo pia. Lakini mpango wa serikali hauingii kabatini mwetu. Hapo twaingia sisi.

Kabla hatujasema la kufanya, twapenda kusimulia habari ya nyumba nyingine, ili msidhani mambo yote ni huzuni. Mwaka uliofuata, mama mmoja wa kijiji cha pili alijifungua mtoto wa kiume. Siku ya sita, jioni, bibi wa mtoto aliona kwamba hanyonyi, na kifua chake kinabonyea apumuapo. Bibi huyo alikuwa amekaa katika darasa letu la wazazi, ambalo tulilianza baada ya msiba ule. Hakungoja asubuhi. Akamwambia mwanawe, "Baba, washa pikipiki." Fedha iliyokuwapo nyumbani ilikuwa ya mbolea. Waliitumia kwa nauli. Mama alimbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunga kanga na blanketi juu, akamtia maziwa kidogo kidogo njiani.

Walifika hospitali usiku. Mtoto alianza kupigwa sindano. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili, asipate nafuu. Lakini damu yake ilikuwa imechukuliwa kabla ya sindano ya kwanza na kupelekwa maabara, ambako huwekwa mahali pa joto ili bakteria waote waonekane, kisha hujaribiwa dawa moja moja. Siku ya tatu jibu likaja: ni klebsiela, naye ni sugu kwa dawa zile. Daktari akabadili dawa, akatumia iliyo ghali, ambayo katika hospitali nyingi ndogo haipatikani. Siku ya tano mtoto akashika titi. Baba yake akataka kurudi nyumbani, maana palizi ilikuwa ikimngoja na fedha imekwisha. Muuguzi akamwambia, "Baba, mtoto amepata nafuu, hajapona. Siku zake hazijatimia." Wakakaa mpaka zikatimia. Mahindi ya mwaka ule yalikuwa machache nyumbani kwao, twajua, maana tuliwasaidia debe mbili. Lakini mtoto sasa anatembea, na hulia kwa sauti kubwa kanisani kuliko wote.

Angalieni vema. Mtoto yule hakupona kwa sababu bakteria wake alikuwa mpole, alikuwa sugu. Alipona kwa sababu alifika mapema. Jibu la maabara huchukua siku mbili au tatu. Kama angefika akiwa amekwisha kuugua siku tatu nyumbani, jibu lile lingemkuta kaburini.

Basi yatupasa kufanya nini?

La kwanza ni kuzijua dalili na kutongoja. Mtoto mchanga ambaye hanyonyi au amepunguza kunyonya. Ambaye ana degedege. Apumuaye upesi, mara 60 au zaidi kwa dakika. Ambaye kifua chake kinabonyea ndani sana. Aliye wa moto, au wa baridi. Ambaye hajongei ila akiguswa. Ambaye kitovu chake ni chekundu au kina usaha: huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na kama ni usiku, usiku huo huo. Njiani awekwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, apewe maziwa ya mama kama aweza kumeza, na asipewe dawa ya nyumbani, ya dukani wala ya mitishamba.

La pili ni mikono. Mwaka 1847 huko Vienna daktari aitwaye Semmelweis aliona akina mama wakifa sana baada ya kuzaa katika wodi iliyohudumiwa na madaktari waliotoka kupasua maiti. Katika mwezi wa Aprili walikufa kama 18 katika kila 100. Akawaagiza wote wanawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwezi wa Juni walikufa kama 2 tu. Hapakuwa na dawa mpya. Palikuwa na mikono safi. Basi wekeni ndoo ya maji yenye bomba na sabuni karibu na mlango wa chumba cha mzazi. Wageni wanaokuja kumpa hongera wanawe kwanza, hata akiwa ni mchungaji, hata akiwa ni mwalimu. Mwenye mafua amwone mtoto siku nyingine. Bakteria akosaye njia ya kuingia hahitaji dawa, awe sugu au asiwe.

La tatu ni kitovu. Kiachwe kikavu na safi. Kisipakwe majivu, masizi, samli ya ng'ombe, mate wala mavi ya mnyama. Katika kisiwa cha Pemba, kati ya mwaka 2011 na 2014, watoto zaidi ya 36,000 walifuatwa ili kujua kama kuwapaka kitovu dawa ya kloreksidini kungepunguza vifo kuliko kukiacha kikavu. Tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo, isiyoweza kutegemewa. Basi maskini asihuzunike kwamba hana dawa ya kitovu. Ukavu na usafi ni vya kila mtu. Ila mganga wa zahanati akikuagiza kupaka dawa hiyo, mfuate yeye.

La nne ni maziwa ya mama. Mtoto aanze kunyonya katika saa ya kwanza, na asipewe maji, uji wala dawa za tumbo. Maziwa ya mwanzo, yale ya manjano ambayo mabibi wengine huyakamua na kuyamwaga, ndiyo yenye ulinzi ambao mtoto hana.

La tano ni kopo letu. Mafua na kikohozi cha kawaida, ambavyo baridi ya Mufindi, Makete na Rungwe hutuletea kila mwaka, kwa sehemu kubwa havisababishwi na bakteria bali na virusi, na vidonge vya rangi mbili haviviponyi hata kidogo. Mtu akipona mafua siku ya tano baada ya kumeza amoksilini, angepona siku ya tano bila kuimeza. Tusinunue dawa hizi bila kupimwa na kuandikiwa. Tukiandikiwa, tumeze kama tulivyoagizwa, siku zote tulizoagizwa. Tusimgawie jirani, hata kwa upendo. Tumeona upendo wetu ulivyomfaa mtoto wa jirani. Nao wafugao kuku na nguruwe wasitie dawa hizi katika maji ya mifugo ati wakue upesi, bila kumwuliza mtaalamu wa mifugo, maana bakteria wa banda na bakteria wa nyumba ni majirani.

Na la sita ni akiba. Baba mwenye mke mjamzito aweke kando fedha ya nauli tangu mwezi wa saba, aijue pikipiki itakayomchukua usiku, asiiguse fedha hiyo hata mvua ikichelewa. Makanisa yetu yana sanduku la maziko. Kwa nini tusiwe na sanduku la nauli, ili lile la kwanza lipungukiwe na kazi?

Walimu wenzetu, twaomba msisome habari hizi mara moja na kuziweka. Zisomeni kwa akina mama siku yao ya kukutana, na zaidi sana kwa akina baba, maana mara nyingi ndio washikao fedha ya nauli, na kwa mabibi, ambao neno lao ndilo lisikilizwalo chumbani mwa mzazi.

Tumebakiwa na neno moja. Tulipokwisha kuyajua haya, tulikwenda nyumbani kwa kijana yule. Tulikaa naye nje, tukamwambia jibu la swali lake lote, na sehemu yetu katika jibu hilo hatukuificha. Tulimwomba msamaha. Alinyamaza kitambo kirefu, akiangalia chini. Kisha akasema, "Nami niliomba, Mwalimu. Hamkunilazimisha." Mkewe, aliyekuwa akisikia mlangoni, akasema, "Waambieni na wengine."

Tuliporudi tulilishusha lile kopo. Ndani yake mlikuwa na vidonge kumi na moja vya namna tatu, ambavyo hatukukumbuka hata vilikuwa vya ugonjwa gani. Hatukuvitupa chooni wala jalalani, maana huko pia huwafundisha bakteria. Tulivipeleka zahanati, tukavikabidhi. Sasa kopo lina majani ya chai.

Na katika makopo yenu, ndugu wapendwa, mna nini? Angalieni leo. Kwaherini mpaka mwezi ujao.